Kifaranga Juu ya Jeneza

Asubuhi ya mazishi Inspekta Dadivas alimkuta kifaranga bado yuko kazini. Alikuwa juu ya kioo cha jeneza, uzi mguuni asishuke, anadonoa punje za mchele zilizomwagwa hapohapo juu ya uso wa Delfin.

Kwetu kisiwani Panay, mtu akiuawa, huwekwa kifaranga juu ya jeneza tangu siku ya kwanza ya msiba. Kila anapodonoa anadonoa moyo wa muuaji, mpaka muuaji ashindwe kuvumilia aseme mwenyewe. Dadivas ni mwana wa hukuhuku, aliyajua hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini alipelekwa Manila kusomea upelelezi wa kisayansi, akarudi na cheti cha kutundika ukutani na dharau ya kutosha wilaya nzima.

"Shahidi wenu hajambo?" alimwuliza Nonilon, mdogo wake marehemu, aliyekuwa amekaa mlangoni.

"Cheka tu, Afande. Huyu angalau hali mshahara wa serikali."

Wacheza karata waliokesha na maiti waliinamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Walikuwa na haki ya kucheka. Delfin alikuwa mlinzi wa mabwawa ya samaki, na siku mbili kabla ya kufa aligombana na tajiri wake. Dadivas aliposikia kwamba tajiri huyo anaweka sumu ya kuulia samaki waharibifu, alishinda bwawani jana kutwa, matope mpaka magotini. Chupa aliipata. Ilikuwa na lakiri ya dukani, haijafunguliwa tangu inunuliwe. Akarudi mjini na viatu mkononi, na kijiji kizima cha Tinagbakan kikamwona.

"Mazishi ni mchana," Nonilon alisema. "Tukitoka makaburini tunapitia kwa Nang Pura. Nakwambia mapema ili usije ukasimama njiani."

Madumu mawili ya petroli yalikuwa chini ya benchi lake. Hakuna aliyehangaika kuyaficha.

"Ukimgusa yule mama nakufunga, Nonilon."

"Utatufunga wangapi? Kituo chenu kina chumba kimoja, nacho mmewekea pikipiki."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Dadivas alikuwa na makoplo wawili, wote wamesimama langoni kwa Nang Pura tangu jana, na mmoja wao alikuwa ameshona kitunguu saumu, kinga ya wala watu, kwenye upindo wa shati akidhani bosi wake hajaona.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Delfin alirudi nyumbani jioni, mzima wa afya, akala. Baada ya muda alisema midomo yake inamtembea kama ina siafu. Kisha vidole. Kisha miguu ikakataa kumbeba. Ulimi ulikufa, lakini macho yalibaki yakiwatazama watu wote chumbani, yakijua kila kitu, mpaka pumzi ilipokatika kabla ya alfajiri. Hakuwa na jeraha wala homa. Mchana wa siku hiyo alikuwa amepita mbele ya nyumba ya Nang Pura (kwetu Nang ni heshima ya mwanamke mkubwa, Nong ya mwanamume), mjane anayekamua mafuta ya nazi, na yule mama alimshika mkono akamwambia, "Umejaza mwili, Delfin." Watu waliliona hilo. Nang Pura ana macho mekundu na hana mtoto, kwa hiyo kwa Tinagbakan yeye ni aswang, mla watu, tangu zamani. Kumsifia kijana mwili ilikuwa kama kupima nyama buchani.

Ndugu walikataa katakata maiti kuguswa na kisu cha daktari, na polisi walipoarifiwa alikuwa ameshajazwa dawa ya kuzuia kuoza. Sayansi ya Dadivas haikuwa na pa kushika.

"Na paka je?" alisema Nong Tasyo, mzee aliyekuwa akigawa karata.

"Paka gani?"

"Paka wa nyumba. Si alikufa usiku uleule? Alianza kuburuta miguu ya nyuma, akalala ubavu, macho kodo, kwisha. Aswang akija humwanza paka, maana paka anamwona."

"Nani kakwambia?"

"Lisemwalo lipo, Afande."

Dadivas alivuta kigoda akakaa karibu na mzee. "Mbona hamkuniambia habari za paka?"

"Hukuuliza habari za paka. Uliuliza habari za sumu."

Mzee alimwonyesha paka alipozikwa, nyuma ya jiko, chini ya migomba. Njiani kwenda huko Dadivas alisimama ghafla.

Nyumba ile ilikuwa chafu kama inavyotakiwa kuwa. Maiti akiwa ndani, kwetu hakuna anayefagia. Ukifagia unaziswaga roho za wengine wa nyumba hiyo zimfuate marehemu. Kwa hiyo uani palijaa maganda ya njugu, vipande vya sigara, vikombe vya karatasi, na kila mtu aliyakanyaga kwa heshima. Lakini chini ya dirisha la jiko, pale panapomwagwa makombo, palikuwa na kipande cha ardhi kisafi, na mistari ya ufagio wa chelewa ilionekana wazi juu ya udongo.

"Nani kafagia hapa?"

Nong Tasyo alipatazama, akarudi nyuma hatua moja. "Mungu anajua. Si mtu mwenye akili zake."

Dadivas aliinama. Mtu huyo alikuwa na akili zake zote, aliwaza. Kulikuwa na kitu alichokiogopa kuliko kuua nyumba nzima.

Daktari Marivel Oquendo wa zahanati alifungua gunia lenye paka aliyefukuliwa, akalifunga tena.

"Mama yangu aliuza nyati ili nisome, Dadivas. Mimi nipasue paka?"

"Mtu nimekatazwa. Paka hana ndugu wa kumkatalia."

Alimpasua nyuma ya zahanati, chini ya turubai, kitambaa puani, akilaani kwa sauti ya chini. Kisha akaacha kulaani. Kwa koleo alitoa tumboni vipande vya nyama laini, rangi ya chungwa, akaviweka kwenye kisahani.

"Unaona nini?"

"Kome," Dadivas alisema.

"Kome. Na ghuba imefungwa tangu mwezi uliopita." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Maji mekundu. Kuna vijidudu vya baharini vinavyozaliana msimu huu, kome wanavila, wao hawadhuriki. Anayedhurika ni anayemla kome. Ganzi ya midomo, vidole, miguu, halafu kifua. Akili inabaki nzima mpaka mwisho. Hakuna harufu wala ladha, na huwezi kuichemsha ikatoka."

"Kwa hiyo tumemaliza."

"Hatujamaliza kitu. Nimekwambia ninachokifikiri, sijakwambia ninachokijua."

Zahanati haikosi panya. Daktari alitwanga vile vipande, akavichemsha na siki, akachuja, akamchoma sindano panya aliyenaswa mtegoni stoo. Wakasimama wawili, watu wazima wenye vyeti, wakimtazama panya. Tinagbakan walikuwa wakimwuliza kifaranga. Zahanati walikuwa wakimwuliza panya. Dadivas aliifikiria tofauti hiyo, akaona kuwa ipo, lakini kumweleza Nonilon kungechukua siku nzima. Panya alianza kuburuta miguu ya nyuma, akahema kwa shida, akafa kabla kahawa yao haijapoa.

"Hii si maabara," Daktari alisema. "Majibu ya kuaminika yatatoka mjini wiki ijayo."

"Wiki ijayo Nang Pura atakuwa majivu." Dadivas alichukua kofia. "Tangazo la kufunga ghuba lilipita wapi?"

"Sokoni. Na barabara kuu, kwa kipaza sauti."

"Tinagbakan?"

Daktari alikwenda kunawa. Alinawa mpaka viwikoni, akarudia tena, na sabuni ikamponyoka.

"Pikipiki ya tangazo haishuki kule," alisema akiwa amempa mgongo. "Njia mbovu. Tulisema watasikia sokoni. Tulisema 'msile', hatukusema kwa nini. Nilisaini mwenyewe."

Dadivas alivaa kofia, akatoka.

Nang Salud, mama yake Delfin, alikuwa jikoni peke yake anachemsha tangawizi ya wabebaji jeneza. Tangu siku ya kwanza alimwambia Dadivas kwamba mwanawe alikula wali na samaki mkavu.

"Nang, naomba unikumbushe. Alikula nini jioni ile?"

"Nimeshakwambia. Samaki mkavu."

"Paka naye alikula samaki mkavu?"

"Paka anakula anachokiona."

"Nani alifagia chini ya dirisha hili?"

"Upepo."

"Upepo hauachi alama za chelewa, Nang."

Alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Aliyemwua mwanangu yuko kwake, anakamua nazi zake. Wewe humu jikoni kwangu unamtafuta nani?"

Dadivas aliitazama mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa na mikato midogo midogo mingi, inayoanza kufunga, kama anayoipata mtu anayebandua kome kwenye vigingi baharini bila kisu.

"Umejikata, Nang."

"Kisu."

"Vidole vyote?"

Aliificha mikono ndani ya aproni. Nje, Nonilon alikuwa akiwaita wabebaji. Mama alisikiliza sauti ya mwanawe aliyebaki, na uso wake ukamwambia Dadivas kila kitu.

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili. Angeweza kumwita padri. Angeweza kuwatoa watu wote, akae na yule mama mmoja kwa mmoja, amweleze habari za vijidudu na panya, angoje. Ingechukua muda, na jeneza lilikuwa linakwenda kufungwa. Angeweza pia kuwasimamia wanaume uani na kuwasomea habari za kisayansi za paka aliyeoza, nao wangemcheka mpaka kwa Nang Pura na madumu yao. Dadivas alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu nzuri. Alilitenda jambo ambalo miaka yote aliwacheka wenzake wazee kituoni kwa kulitenda.

"Njoo umuage mwanao, Nang," alisema.

Tangu msiba uanze alikuwa ameliona jambo moja, akalidharau. Kumlisha kifaranga ni haki ya mama mzazi. Nang Salud alikuwa hamlishi. Kila siku alimpa jirani mchele, yeye mwenyewe akasimama upande wa miguu ya jeneza, mbali.

Watu walikuwa wamejaa ukumbini. Dadivas alichota mchele kwenye bakuli, akamshika mama mkono mbele ya wote, akaumimina kiganjani.

"Mlishe, Nang. Kabla hawajafunga."

"Nitampa mtu."

"Mpe wewe. Si mwanao?"

Kelele za karata zilikwisha. Nonilon alisogea. "Mlishe, mama," alisema kwa upole, akidhani ni uchungu. "Mlishe ili yule akione cha moto leo."

Mama alinyosha mkono. Kifaranga alikuwa na njaa, maana punje za asubuhi zilikwisha, na katika pilikapilika alisahaulika. Alikuja mbio mpaka mwisho wa uzi wake, akapanda kiganjani akaanza kudonoa, mchele na ngozi pamoja, juu ya mikato. Nang Salud alisimama hivyo, mkono umenyooka. Mtu wa mwisho mlangoni angeweza kuusikia mdomo wa ndege ule.

"Basi," alisema. "Mwondoeni. Ni mimi."

"Mama, unasema nini?"

"Kome niliwabandua mimi. Delfin alikuwa akiwatamani, kila akirudi bwawani ananiambia, mama, kome wa tangawizi, hivi nitakufa sijawala tena? Sokoni nilisikia wakisema maji yameharibika. Nikatia ile sarafu ya fedha ya bibi yenu sufuriani, kama tunavyofanya siku zote. Chakula kikiwa na sumu inageuka nyeusi. Ilitoka nyeupe pe. Nikafurahi." Aliutazama mkono wake. "Nikampa bakuli zima. Mimi nikasema nimeshakula, ili yeye ashibe."

"Mama."

"Mlipoanza kumtaja Pura nilinyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa sababu sikuwa na hakika. Siku ya pili nikawa na hakika, nikafagia."

Daktari Marivel, aliyekuwa ameingia nyuma, alianza kusema kwamba fedha haiwezi kuonyesha sumu ya namna ile, kwamba mtu yeyote angeweza kukosea, kwamba tangazo halikufika. Alisema vizuri na kwa mpangilio, na hakuna aliyemsikiliza. Watu walitafuta pa kuweka macho. Wengine waliyaweka kwenye dari, wengine kwenye picha ya Delfin ya kumaliza shule. Nonilon alitoka nje, akayachukua yale madumu chini ya benchi, akayapeleka nyuma ya nyumba upesiupesi, kama mtu anayeanua nguo za ndani kambani mgeni akipiga hodi.

Mama alikuwa bado amesimama na mkono wake. Hakuna aliyemsaidia kuushusha. Dadivas aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni. Kesi aliishinda kwa paka na panya. Ushindi wote ulikuwa mfukoni mwake kabla hajaingia ukumbini. Kilichobaki kilikuwa ni kumwacha mwanamke mmoja akiri jikoni kwake, na hata hilo alilifanya ngoma ya watu wote.

Kisha akasikia sauti ya Nong Tasyo ikimnong'oneza jirani yake.

"Unaona? Kifaranga hakosei."

"Hakosei kabisa," jirani alisema. "Na Afande mwenyewe kakubali. Kajifanya msomi, mwisho kaja kwake."

Dadivas alifungua mdomo awajibu. Angesema nini? Kwamba alijua kabla? Mchele alioumimina yeye ulikuwa bado umetapakaa juu ya kioo.

"Kwa hiyo Nang Pura hana hatia," aliwaambia, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Mmesikia wote. Hakumgusa Delfin."

"Tumesikia," Nong Tasyo alisema kwa adabu. "Delfin hakuuawa naye."

"Basi."

"Basi. Lakini aswang ni aswang, Afande. Hili la leo tu ndilo hakulifanya."

Walimzika Delfin jua likiwa kali. Daktari alikuwa ameshaondoka na kile kisahani ndani ya ndoo ya barafu, akawahi basi la mjini. Nang Salud alitembea peke yake nyuma ya jeneza. Si kwamba walimtenga. Kila mtu alimwachia nafasi kwa sababu hakujua amwambie nini, na nafasi zile zikakutana zikawa duara.

Njia ya kurudi inapita mbele ya nyumba ya Nang Pura. Siku ya mazishi, kila nyumba ya njiani hutoa chakula kidogo kwa wanaorudi makaburini. Nang Pura naye alitoa, kama alivyotoa katika kila msiba: meza ndogo nje ya lango, benchi, na sahani ya wali wa kunata wa nazi uliofungwa kwenye makuti machanga. Kila msiba sahani yake hurudi ndani kama ilivyotoka. Uaswang hupokezwa kwa chakula, ndivyo tulivyolelewa. Ukila cha mkono wake, amekuachia uaswang wake.

Msafara ulipofika hapo ulihamia upande wa pili wa barabara wenyewe, bila amri ya mtu, ukasimama. Makoplo wawili walimtazama bosi wao. Nang Pura alikuwa nyuma ya meza yake, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu kwa moshi wa nazi.

Dadivas alielewa kwamba kesi ilikuwa bado. Hakuna tena petroli, lakini kesho mtu ataugua, au mtoto atalia usiku, au nyati atatupa mimba, na madumu yatarudi chini ya benchi. Mbele ya wote aliyasema tena: kome, maji mekundu, mama hana kosa mbele ya sheria, jirani hana kosa lolote.

"Tumesikia, Afande," watu walijibu. Hakuna aliyevuka.

"Mnaogopa nini sasa?"

"Hatuogopi," Nong Tasyo alisema. "Tunakungoja wewe. Wewe ndiye mtu wa sayansi. Anza, sisi tufuate."

Ilikuwa kejeli, na ilikuwa pia ahadi. Dadivas aliijua pande zote mbili. Tonge moja, na yule mzee angelazimika kuvuka, na akivuka yeye wangevuka wengi. Hakukuwa na ushahidi mwingine wowote ambao Tinagbakan wangeupokea.

Nang Pura alifungua kifungu kimoja, akakunja makuti vizuri yasimchafue mgeni, akamkabidhi.

"Karibu, Afande. Umetembea juani."

Mchele, nazi, chumvi. Dadivas alijua vilivyomo kama anavyolijua jina lake. Alikitazama kile kifungu mkononi mwa mama yule, vidole vilivyokishika vikimeta mafuta, na mkono wake mwenyewe ulikuwa kwenye mkanda wa suruali, nao ulibaki hapo. Aliuambia utoke. Alipokuwa mdogo, bibi yake alikuwa akimpitisha mbele ya nyumba kama hii akimfumba macho.

"Nimeshiba, Nang," alisikia sauti yake. "Nimekula msibani."

Ng'ambo ya barabara mtu alikohoa. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Koplo wa kitunguu saumu alitazama chini kwa niaba ya kituo kizima. Nang Pura alibaki amenyosha mkono kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akakirudisha kifungu juu ya sahani.

"Si neno," alisema.

Nang Salud ndiye aliyevuka. Udongo wa makaburini ulikuwa bado miguuni kwake. Mwanamke mmoja alimshika mkono wa gauni, akajinasua bila kumtazama. Nonilon alisema, "Mama," mara moja, akaacha. Nang Salud alipita ubavuni kwa Dadivas kama anapita nguzo, akakaa kwenye benchi.

Wale wanawake wawili walitazamana. Walikuwa majirani tangu ujana wao.

"Sina neno la kukwambia, Pura."

"Usiseme. Kula."

Alikichukua kilekile kifungu kilichokataliwa. Alikila polepole, kwa shida, kama mtu ambaye hajala tangu siku ile; na kwa kweli hakuwa amekula. Machozi yalikuwa yakimtoka, hayafuti, yanaingia mdomoni pamoja na wali. Alimaliza, akalamba makuti.

"Nazi imekolea," alisema.

"Nilijua mtapita wengi."

"Nipe kingine."

Nang Pura alimfungulia kingine. Nonilon alikuwa ameshafika katikati ya barabara, amesimama hapo kofia mkononi, hajui kwenda wala kurudi. Nyuma yake Nong Tasyo alianza kukunja suruali, kama anayejiandaa kuvuka mto.

Dadivas aliuona mwanya wake. Sasa mkono ulikubali. Aliunyosha mezani, haraka, mbele ya watu wote, kuelekea kwenye sahani.

Nang Pura aliivuta sahani upande wake, taratibu, bila hasira, kama mwenyeji anayemjali mgeni.

"Wewe umeshiba, Afande," alisema.